Redio Iliyotaka Kidole Changu

Mama Nafula, mwenzangu,

Hapa mtaani Jericho mwaka mpya umetukuta salama, nami ni mzima isipokuwa mgongo, ambao nimeuumiza kwa kubeba redio za watu. Ndiyo, nimezitoa. Najua hutaniamini, kwa hiyo nivumilie nikueleze polepole. Nakuandikia nyuma ya kalenda ya mwaka jana, ile yenye picha ya ng'ombe wa maziwa, kwa sababu nimepekua nyumba nzima nikakosa karatasi safi. Na hata ningeipata, nyuma ya kalenda ndipo wewe na mimi tulipozoea kuandikiana mambo ya maana.

Unakumbuka tulivyoanza? Nafula alikuwa darasa la tatu. Tulikuwa tumetoka kanisani siku ya mwaka mpya, mhubiri ametuchosha na habari za kuweka maazimio, na wewe ulipovua kitambaa tu ukabandua kalenda kuukuu ukutani, ukaigeuza, ukanipa kalamu. Ukasema, "Andika unachotaka mwaka huu, Baba Nafula, tuone." Mimi nikaandika mpaka wino ukatokea upande wa pili. Kumi na moja, nimeyaona tena juzi. Kununua baiskeli. Kujifunza kutengeneza televisheni. Kufungua kibanda Eastleigh. Kuimba sauti ya nne bila kukosea. Kupanda miti nyumbani Bungoma. Kuacha sigara. Mengine siyataji, yananiaibisha.

Halafu ukachukua kalamu ukaandika lako, moja tu: "Kulala mchana kila Jumapili." Nilikucheka sana. Nikakuuliza kama hilo nalo ni azimio la mtu mzima. Hukukasirika. Ulisema, "Yako hata moja likitimia, uniamshe." Mwaka huo ulilala kila Jumapili, baada ya chakula, mlango umerudishwa, na mimi nikatembea Jericho nzima nikitafuta redio za kutengeneza. Hukuamshwa.

Tangu siku hiyo ikawa desturi ya nyumba yetu. Kila mwaka mpya kalenda moja, msumari uleule nyuma ya mlango, mpya juu ya kuukuu. Na kuanzia orodha yangu ya pili, kila mwaka, kulikuwa na mstari mmoja ambao haukukosekana: "Kutengeneza redio ya Mama Nafula."

Hapa ndipo pananiuma, kwa hiyo wacha nipaseme vizuri. Redio yako, ile ya kahawia uliyopewa na kaka yako siku ya harusi, ilikuwa na ugonjwa mmoja. Haikuongea mpaka mtu aushike mwisho wa waya wa eriali kwa kidole. Ukiuachilia, inanguruma tu. Basi kila jioni, kipindi cha salamu kikikaribia, uliiweka juu ya kigoda pale jikoni, ukakaa na kunde zako za kuchambua, ukaita, "Baba Nafula, kuja ushike." Na mimi, fundi wa redio anayejulikana kuanzia hapa mpaka sokoni, niliacha redio ya mtu mezani, nikaja nikinung'unika, nikakaa juu ya mtungi wa plastiki wa maji, nikaishika redio ya mke wangu kwa kidole nusu saa nzima. Majirani walituchungulia wakacheka mpaka wakachoka. Mama Njeri aliniambia siku moja kwamba yeye hangeniletea hata tochi.

Wewe ulikuwa unawajua watu wa salamu kama jamaa zako. Yule bwana wa Kakamega aliyemsalimu mke wake kila wiki kabla ya watu wengine wote, halafu wiki moja akasalimu shemeji na majirani na mke hakumtaja, ulimhuzunikia siku tatu. Ulisema, "Amekufa au wamegombana?" Nikakuambia kadi ya salamu ina nafasi kidogo. Ukasema nafasi ya mke haiwezi kukosekana. Wiki iliyofuata akamtaja, na ukaongeza maji ya ugali kwa furaha mpaka ugali ukawa uji.

Na katikati ya salamu ulikuwa unanipa habari. Kwamba Nafula ana rafiki mpya na huyo rafiki humpendi. Kwamba Nafula ameanza kwenda mwezini na nisimuulize chochote. Kwamba kuna kijana wa kwaya anayemtazama, na kijana mwenyewe ana adabu. Karibu kila ninachokijua juu ya mtoto wetu nilikisikia kidole changu kikiwa kwenye ule waya. Sikuweza kusimama, maana nikisimama redio inanguruma. Kwa hiyo nilisikiliza.

Lakini kutengeneza, sikutengeneza. Za watu ndizo nilitengeneza. Mtu akitokea mlangoni na redio kwapani, hata kabla hajasema ina nini, mimi nilikuwa nimeshasema, "Wacha hapo." Ulikuwa unaniiga mbele ya wageni. Ulisema nikifa utamwambia mchonga msalaba asihangaike na aya ya Biblia, aandike tu "Wacha hapo." Uenyekiti wa kwaya nao, wacha hapo. Ukatibu wa chama chetu cha kuwasafirisha marehemu nyumbani, wacha hapo. Kamati ya ulinzi ya mtaa, wacha hapo. Na fundi wa redio hatupi redio ya mtu, hata ikikaa miaka, maana mwenyewe anaweza kurudi kesho. Hiyo ndiyo sheria ya kazi yetu na ndiyo iliyoijaza nyumba. Zilikaa juu ya kabati, chini ya kitanda, kwenye dirisha tukakosa mwanga. Nafula alipoolewa, kitanda chake hakikupoa. Nililaza redio juu yake.

Sasa nisikie. Mwaka mpya wetu wa mwisho pamoja niliandika kumi na manne. Wewe uliandika lako, "Kwenda kumwona mama Bungoma wakati hakuna msiba." Halafu ukaichukua orodha yangu ukaisoma kwa kidole mpaka ukafika pale kwenye redio yako, ukachukua kalamu, ukaukata ule mstari. Nikakuuliza, "Kwa nini umefuta?" Ukasema, "Umekaa sana huo. Punguza mzigo, Baba Nafula." Ukacheka. Mimi sikucheka. Nilijua nimechosha mtu. Nilijua umeacha kunitegemea kwa hicho kidogo, na sikuthubutu kukuuliza tena.

Mwezi wa saba homa ya mapafu ikakulaza. Pale wodini, mgonjwa wa kitanda cha tatu alikuwa na redio ndogo, safi, inaongea bila kushikwa na mtu. Nilikuwa nimekaa kando yako, saa ya kuona wagonjwa inakaribia kuisha. Ukasikiliza kidogo ukasema, "Hii inaongea peke yake." Ukageukia dirishani. Hilo ndilo neno lako la mwisho nililoenda nalo nyumbani, kwa sababu kesho yake nilikukuta huongei. Tumekuzika, watu wamekula, watu wameondoka, na mimi nimelala na neno hilo mwaka mmoja na nusu. Mke wangu amekufa akijua hata redio yake sikuweza.

Ungefikiri ningejifunza. Wapi. Baada ya wewe kuondoka nilipokea kila kilicholetwa. Walioniletea redio, wacha hapo. Walioniletea kamati, wacha hapo. Nyumba ikajaa mpaka nikawa nalala upande. Nafula alipokuja kwa kumbukumbu yako ya mwaka, na mjukuu wetu Nekesa mgongoni, alitafuta mahali pa kumweka mtoto akakosa. Alikunywa chai amesimama. Unamjua, hivyo ndivyo anavyosema.

Mwezi wa kumi na mbili akaja tena. Hakuingia ndani, tulizungumza barazani. Mume wake, yule kijana wa kwaya mwenye adabu, amepata kazi Mombasa, na hataonekana kwa miezi. Nafula mwenyewe amepata nafasi ya kushona Eastleigh, kazi nzuri, lakini kutoka kwao Njiru ni mbali, na huko hana mtu wa kumwachia mtoto wa miaka minne. Akaniambia, "Baba, nitakuja Jumapili ya kwanza ya mwaka na Nekesa. Nikipata mahali pa kutandika kitanda, nitakaa na wewe. Nisipopata sitakulaumu. Nitajua tu."

Nikamuuliza, "Utajua nini?"

Akasema, "Nitajua una kazi."

Akambeba mtoto akaenda. Afadhali angenitukana, Mama Nafula. Nilikaa pale barazani mpaka miguu ikafa ganzi. Nilikuwa nimeshakukosa wewe, na sasa naambiwa kwa upole kabisa kwamba hata huyu nitamkosa, kwa sababu ya redio za watu ambao sijui hata majina yao.

Siku ya mwaka mpya sikwenda hata kuimba. Nilifunga mlango, nikashusha kalenda zote kutoka msumarini, nikakaa chini nikazisoma. Zako zilinichukua muda mfupi. Kulala mchana Jumapili. Kumaliza sweta ya Nafula. Kujifunza kuendesha cherehani ya Mama Njeri. Kutomjibu mke wa mchungaji. Kila mwaka moja, na kila moja ninakumbuka ulivyolifanya, hata lile la mke wa mchungaji, ingawa lilikutoa jasho. Zangu nilizisoma mpaka mchana. Katika hayo yote nimetimiza moja, kuacha sigara, na hilo ni kwa sababu wewe ulikuwa unazificha.

Nikaigeuza kalenda ya ng'ombe nikaandika, "Kuwapisha Nafula na mtoto." Nikatulia. Halafu, usicheke, nikaona mkono unaandika namba mbili. Kujifunza kutengeneza televisheni. Nikaifuta. Mkono ukaandika baiskeli. Nikafuta. Mwishowe niliitupa ile kalamu juu ya kabati ili nisiifikie.

Kesho yake nikaanza na rahisi. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa chama cha marehemu nikamrudishia faili na muhuri. Aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi, nina mjukuu. Uenyekiti wa kwaya nikaurudisha palepale uani mwa kanisa, na wale mabibi wa sauti ya kwanza, ambao uliniambia miaka yote kwamba hawanipendi, wakashukuru upesi mno. Jioni hiyo nilirudi nyumbani nikajiona mwepesi, halafu nikaogopa, maana sikuwa na mahali pa kwenda.

Ijumaa nikatoa redio. Nilizipanga barazani zote, na hapo ndipo nilipokutana na wewe bila kujiandaa. Nilikuwa nimesahau kwamba vile vikaratasi vinavyoning'inia kwenye kila redio ulivifunga wewe. Mimi nilikuwa nasema wacha hapo, mtu anaenda, na wewe ndiye uliyekumbuka kwamba sikumuuliza jina. Basi ukaandika ulichokiona. "Mzee anayekohoa." "Kijana wa kofia nyekundu." "Mama aliyeletwa na mvua." "Huyu ana haraka, lakini hatarudi." Mwandiko wako, na kalamu yako ya penseli. Nilisimama pale barazani na redio ya mzee anayekohoa mkononi, Mama Njeri akanipita akienda sokoni na viazi vyake, akaniona, akatua gunia.

Alisoma karatasi mbili tatu, akacheka huku analia, akasema, "Ngoja nizinakili zote, Baba Nafula." Akaenda nazo sokoni akazisoma kwa sauti kutoka kibanda hadi kibanda. "Mzee anayekohoa, redio yako imepona, kuja uichukue." Nasikia nusu ya wazee wa soko la Jericho walikohoa. Lakini watu walikuja. Walikuja Ijumaa mchana kutwa na Jumamosi asubuhi, wengine hawakumbuki hata rangi ya redio zao. Kijana wa kofia nyekundu sasa ana kipara na watoto wawili.

Kulikuwa na msichana mmoja, akanisalimia kwa Sheng chao, "Niaje mzee, ile redio ya buda bado uko nayo?" Nikamuuliza baba yake ni nani. Akanieleza kwamba alikuwa mpiga pasi wa hapa chini, mwenye watoto wengi, na amekufa mwaka juzi. Nikaipata. Uliiandika, "Baba wa watoto wapole." Nilimpa redio na karatasi. Msichana alikisoma kile kikaratasi, akakikunja akakitia kifuani. Alisahau kunyanyua redio, ikabidi nimwite.

Zilizobaki tisa nilizipakia mkokoteni nikampelekea fundi mmoja kijana wa Eastleigh, azitoe vyuma. Nilimkabidhi nikageuka haraka kabla moyo haujabadilika. Nikarudi, nikafagia, nikamwaga maji, nikasugua sakafu mpaka nikaiona ile rangi nyekundu uliyokuwa unaipaka. Kitanda cha Nafula kilikuwepo chini ya vumbi, kizima. Nikatandika shuka.

Redio ikabaki moja tu ndani ya nyumba, yako. Jumamosi alasiri nikaiweka mezani, nikapasha kile chuma changu cha kulehemu kwenye jiko, nikaifungua.

Mama Nafula, ulikuwa waya mmoja. Risasi, ile ya kuunganishia nyaya, imepasuka pale eriali inaposhikana na ndani, waya umelegea kidogo tu, haujakatika hata. Nikagusisha chuma, nikatia tone la risasi, nikapuliza. Nikafunga skrubu. Ikaongea sauti safi, nyumba nzima. Dakika kumi, pamoja na kupasha chuma. Miaka yote ile, orodha zote zile, dakika kumi. Nilikaa chini kwenye ile sakafu yenye maji nikalia. Siku tuliyokuzika sikulia hivyo, nilikuwa nashughulika na ratiba ya mazishi. Nilikuomba msamaha kwa sauti, na nadhani Mama Njeri alisikia kupitia ukutani, maana alizima ya kwake.

Jumapili Nafula akaja. Nilimwona akifika pale mlangoni na mfuko mmoja na mtoto, akasimama. Akaangalia dirisha, likiwa na mwanga. Akaangalia kitanda chake. Akatua ule mfuko, si mlangoni, akaupeleka ndani kabisa akausukuma chini ya kitanda, halafu akauliza majani ya chai yako wapi. Mimi nilijifanya natafuta sukari.

Jioni, saa ya salamu ilipokaribia, nikaleta redio jikoni nikaiweka juu ya kigoda. Nafula alikuwa anachambua kunde. Nikaiwasha nikarudi nyuma hatua mbili, mikono yote miwili nimeinyanyua ili aone. Nilikuwa na majivuno na huzuni pamoja. Nikamwambia, "Sikia inavyoongea."

Mikono yake ilisimama kwenye kunde. "Umeitengeneza, Baba."

"Nimechelewa," nikasema. Na kwa kuwa nimeshaanza, nikamwambia yote. Nikamwambia jinsi ulivyoufuta ule mstari kwa kuchoka nami, na maneno yako ya wodini, kwamba hii inaongea peke yake. Nikamwambia kwamba uliniondokea umekata tamaa.

Nafula alisukuma kunde kando. Halafu akasema, "Baba, Mama ndiye aliyekuwa hataki itengenezwe."

Nikadhani ananibembeleza. Akasema hapana. Akasema mume wake, ambaye anajua mambo ya waya, alikuja hapa siku moja nikiwa mkutanoni, akaona tatizo pale pale akataka kulimaliza. Wewe ukaipokonya redio mikononi mwake. Ukamwambia, "Hiyo iache. Ikipona, Baba Nafula nitamwona wapi?"

Nafula akaendelea na kunde zake, taratibu, bila kunitazama. Akasema ule mstari uliufuta kwa sababu uliniona nimeanza kuulizia risasi dukani, ukaogopa mwaka huo nitaitengeneza kweli. Ulimweleza mkacheka mpaka mkashika mbavu. Na ya wodini je, nikauliza. Akasema asubuhi ile ya mwisho aliyokuogesha ulimwambia, "Huku hakuna waya wa kumzuia. Kengele ya wageni ikilia anaenda."

Nilikasirika, nikuambie ukweli. Nilisimama nikatoka barazani nikakugombeza kimoyomoyo. Ulishindwa nini kuniambia, Baba Nafula kaa? Mtu mzima, mke wa ndoa, unamtega mume wako kwa redio mbovu na unamwacha alale na aibu mwaka mmoja na nusu? Nilikuambia mengi. Halafu nikajibu mwenyewe, maana nilijisikia nikijibu. Ungeniambia kaa, ningesema nakuja saa hii, na nisingekuja. Uliniambia mara ngapi tukatembee hata mpaka sokoni Jumapili nikasema nakuja saa hii? Lakini redio ikinguruma nilikuwa nainuka. Ulijua umeolewa na mtu gani, ukatumia kilichokuwepo. Hukunichoka. Jambo hilo limenichukua siku kadhaa kulimeza, na leo naliandika ili nilione kwa macho: Mama Nafula hakunichoka. Alikuwa ananitaka, kila jioni, nusu saa, na alinipata.

Niliporudi jikoni salamu zilikuwa zimeanza. Redio inaongea safi, haihitaji mtu. Nikakaa juu ya mtungi wa maji, pale pangu, na bila kufikiri nikaweka kidole kwenye waya. Nekesa alikuwa ananitazama. Akauliza, "Babu, mbona unaishika na inaongea?"

Nikamwambia nimezoea. Alilifikiria jibu hilo, akaliona linafaa, akaja akasimama kati ya magoti yangu akaweka kidole chake kando ya changu. Nafula akaanza kunieleza habari za kiwanda cha kushona, na msimamizi ambaye hata kabla ya kuanza kazi hampendi, na jinsi anavyomwogopea mumewe na joto la Mombasa. Nilisikiliza.

Katikati hapo mtu akabisha, bwana mmoja mgeni hapa mtaani, redio kwapani. Akachungulia akasema, "Fundi, nimeambiwa uko hapa. Niiache?" Neno lilikuwa limefika mdomoni, Mama Nafula, nakuapia. Nikalimeza. Nikamwambia aje nayo kesho asubuhi, na aje na jina lake. Alituona babu na mtoto tumeishikilia redio nzima kwa vidole, akatutazama, akaondoka taratibu. Sidhani atarudi.

Nekesa akaanza kuchoka. Akabadilisha mguu, akabadilisha mkono, mwisho akaniuliza, "Babu, nitoe kidole?"

Nikamwambia, "Wacha hapo, mama."

Mstari wa kuwapisha watoto umekwisha kutimia tarehe hata haijafika mbali, kwa hiyo nimeukata na nikaandika mwingine chini yake, mmoja, wa mwaka mzima: "Saa ya salamu, kukaa." Nafula ameusoma hapo msumarini akauliza mengine yako wapi. Nikamwambia aiulize kalamu, makazi yake sasa ni juu ya kabati. Nimeishusha kwa mstari huo na barua hii tu, kisha inarudi huko.

Baiskeli sitanunua. Televisheni watazitengeneza vijana. Miti ya Bungoma, shemeji yangu ana jembe. Jumapili mchana nitajaribu kulala, na nikishindwa nitalala tu hivyo hivyo macho wazi, mlango umerudishwa, upande wangu wa kitanda.

Sasa niko ukingoni mwa kalenda, nimefika nyuma ya kwato za ng'ombe, na saa inakaribia. Nafula anajua vizuri kwamba redio haitaki tena kushikwa na mtu. Yeye ndiye aliyeiwasha, naisikia hapa nilipo, safi kabisa. Lakini ameita hata hivyo kutoka jikoni, na sauti aliyoitia ni yako: "Baba, kuja ushike."

Naenda.

Wako niliyekaa,
Baba Nafula